Damu ya Mzee ni Rangi Gani?

Kiswahili kina rangi tatu tu zilizozaliwa na majina yao: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine zimeazima. Kijani imetoka kwenye jani, kahawia kwenye kahawa, kijivu kwenye jivu, zambarau na chungwa kwenye matunda, manjano kwenye kiungo cha mchuzi. Na ile nyekundu iliyoiva mpaka ikakaribia weusi huitwa damu ya mzee, jina ambalo halihitaji kuelezwa kwa aliyelelewa na lugha hii.

Nyumbani mpango huo haumsumbui mtu. Shida huanza pale kikundi cha wasusi wa Kathonzweni au Mutomo kinapoagizwa viondo 40 vya damu ya mzee na mteja asiyewahi kufika Ukambani, ambaye kaziona picha kwenye simu. Kazi inafanywa, mzigo unasafiri, na wiki kadhaa baadaye ujumbe unarudi: rangi siyo. Mteja alikuwa ameona kitu kama divai, akaletewa kitu kama nyanya iliyopikwa. Mwenyekiti wa kikundi anafungua picha ileile kwenye simu yake na kuona ni nyanya vilevile. Hakuna aliyedanganya. Rangi ndiyo iliyogeuka njiani, mahali fulani kati ya uzi, jua, lenzi na kioo cha simu.

Ugomvi huu unaonekana wa juzi. Kumbe Ukambani umekuwapo tangu enzi za misafara, na wakati huo kamera haikuwapo kabisa.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wakamba ndio walioshika biashara ya pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa. Walishuka na pembe, wakapanda na vitambaa, waya wa shaba na shanga. Shanga ndizo zilizomtoa mfanyabiashara jasho. Richard Burton, aliyepita Zanzibar na bara miaka ya 1850, aliandika kwamba zilikuwapo aina zipatazo 400, kila moja na jina lake, bei yake na mahali inapotakiwa. Ile nyekundu ya marijani, samisami, ilipewa pia jina la kivunja-mji, kwa jinsi wanawake walivyoililia. Lakini shanga iliyogombewa katika nchi moja ingeweza kukataliwa katika nchi ya pili kwa sababu wekundu wake umepauka kidogo au ukubwa wake umezidi punje. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikuwa umebeba kokoto. Ndiyo maana mtu mwenye akili hakuondoka pwani kwa kuambiwa tu kwamba huko bara wanapenda nyekundu. Alitaka kuonyeshwa shanga yenyewe iliyovaliwa huko, aishike, ailinganishe na zake.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alimkuta Kivoi, tajiri wa misafara aliyezijua njia za pwani na za Tana. Kivoi alikuwa ameshamwambia habari za mlima mweupe, na tarehe 3 Desemba mwaka huo mawingu yalifunguka Krapf akauona. Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu jina la Kikamba la mlima huo, Kiinyaa, ni kwamba linamtaja mbuni dume: manyoya meusi yenye weupe, kama mawe na theluji. Hata jina la nchi ya Kenya, kwa maelezo hayo, limeanza kama ulinganifu wa rangi na kitu kinachofahamika.

Kiondo chenyewe hakikuwa bidhaa ya misafara. Kilikuwa chombo cha mwanamke: cha kubebea nafaka, mbegu, kunde, mazao ya shamba. Katika nchi kavu ya Kitui na upande wa chini wa Makueni, kuelekea Kibwezi, nyuzi zake zilitoka kwenye mbuyu. Gamba huchunwa, sehemu ya ndani ikatolewa, ikapondwa na kutafunwa au kulowekwa hadi iwe laini, na mti haufi. Mbuyu ni katika miti michache inayoota gamba jipya baada ya kuchunwa. Msusi huketi, akaweka nyuzi juu ya paja tupu na kuzisokota kwa kiganja, nyuzi mbili zikigeuka kuwa uzi mmoja. Majivu hutumika ili mkono usiteleze. Ukimtazama mama aliyefanya kazi hiyo miaka 40, utaona ngozi ya paja lile inang'aa kuliko la pili.

Usukaji huanzia kitovuni. Nyuzi za kusimama hufungwa katikati kama miale, kisha nyuzi za kulala huzunguka, jozi moja ikipishana mbele na nyuma ya kila mwale, na kadiri duara linavyopanuka miale mipya huongezwa. Kwa kuwa kazi yote imo vidoleni, inabebeka. Wanawake wa Ukambani wamesuka wakienda sokoni, wakirudi kisimani, wakisubiri zamu kwenye zahanati.

Rangi za kiondo cha kale zilikuwa za nchi: wekundu-kahawia wa gamba lenyewe, weusi wa tope na masizi, kahawia za magome na mizizi iliyochemshwa. Hazikuwa kali na hazikulingana. Gome la mti mmoja lililochemshwa Machi halitoi rangi ileile Oktoba, na maji ya chumvichumvi ya kisima kimoja hubadili matokeo ya kisima cha pili. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyeagiza viondo 40 vinavyofanana.

Mambo mawili yalikuja kutoka mbali na kuigeuza kazi hii. La kwanza ni mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kuja koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Iliyofika Tanga hai ilikuwa 62. Kizazi cha miche hiyo kilijaza mashamba ya pwani, na mkonge ukapanda hadi nchi kavu ya Kenya. Huko Kibwezi shamba la Dwa bado linaonekana kutoka barabara kuu ya Mombasa, mistari ya mimea ya kijivu-kijani ikienda mpaka macho yachoke. Wakulima wadogo wa Kitui na Makueni waliupanda mipakani mwa mashamba kama ua. Ukawa karibu kuliko mbuyu, nyuzi zake ndefu na nyeupe zaidi. Weupe huo ndio ulioleta mabadiliko, kwa kuwa uzi mweupe hupokea rangi yoyote unayoutumbukiza.

La pili ni rangi ya dukani. Mwaka 1856 kijana wa London mwenye miaka 18, William Henry Perkin, akitafuta dawa ya malaria, alipata kwa bahati unga wa zambarau uliofungua kiwanda cha rangi za kemikali duniani. Vizazi vichache baadaye pakiti za unga huo ziliuzwa katika masoko ya Afrika Mashariki. Maji yachemke, unga na chumvi kidogo, nyuzi zizame. Kwa asubuhi moja msusi alipata waridi, kijani na buluu ambazo mama yake hakuwahi kuzisuka.

Sasa itafutwe picha ya kiondo cha enzi hizo. Hapo ndipo hadithi ya kamera inapoingia, na inaingia kwa kosa.

Picha za mwanzo za nchi hii zilifuata reli. Reli ya Uganda ilipita Kibwezi na Makindu kabla ya kufika Nairobi mwezi Mei 1899, na mpiga picha William D. Young alijijengea jina kwa picha zake za reli hiyo. Muongo mmoja hivi baadaye, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuja msomi wa Kiswidi, Gerhard Lindblom, akakaa Ukambani, akajifunza Kikamba, akakusanya vyombo na hadithi na kupiga picha. Kitabu chake kuhusu Wakamba kilichapishwa Uppsala mwaka 1916 na kupanuliwa mwaka 1920. Hadi leo hakuna anayeandika habari za Wakamba wa zamani bila kukifungua.

Lakini picha za zama hizo zinasema uongo mmoja ambao wasomaji wengi hawaujui. Sahani nyingi za kioo zilizotumika kupigia picha wakati ule ziliona buluu vizuri na nyekundu hazikuiona kabisa, au ziliiona kwa shida. Sahani zilizoona rangi zote zilikwishaanza kuuzwa London mwaka 1906, ila ilibidi zisafishwe gizani kabisa, kazi ngumu kwa msafiri mwenye hema. Matokeo yake ni haya: katika picha ya sahani ya kawaida ushanga mwekundu unatoka mweusi, udongo mwekundu wa Kitui unatoka kama lami, na buluu ya mbingu inapauka ikawa nyeupe. Mtu anayetazama picha kama hiyo leo makumbushoni na kusema "shanga zao zilikuwa nyeusi na nyeupe" amedanganywa na kemia. Huenda anatazama nyekundu na buluu.

Kwa nchi ambayo udongo wake, mapambo yake na nusu ya viondo vyake ni vyekundu, huo si upungufu mdogo. Miaka mingi ya kwanza ya kumbukumbu za Ukambani imepita mikononi mwa jicho lisiloijua rangi yake kuu.

Dawa ya kwanza ya upofu huo ilikuwa brashi. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilianza kumlipa Joy Adamson, ambaye bado hakuwa na simba wa kumpa umaarufu, achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao. Alizunguka nchi kwa miaka, Wakamba wakiwa miongoni mwa aliowachora, na kazi hiyo ilifika kwenye kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu watu wa Kenya. Mengi yanaweza kusemwa juu ya michoro ile, na baadhi yake si sifa: watu wamesimamishwa kama sanamu, maisha yao ya siku ile yamefutwa. Kwa rangi, hata hivyo, ni hazina. Aliketi mbele ya ushanga wenyewe, akachanganya rangi mpaka zikalingana, akahakikisha kwa jicho. Hiyo ni mbinu ileile ya mfanyabiashara wa samisami.

Filamu ya rangi ilikuwapo tayari. Kodachrome ilianza kuuzwa 1935, lakini usafishaji wake ulikuwa na hatua nyingi kiasi kwamba maabara chache tu duniani ziliuweza, na aliyepiga picha Ukambani aliposta filamu na kungoja.

Kiondo kilipopata soko la nje, miaka ya 1970 na 1980, picha ya rangi ndiyo iliyokiuza. Mwaka 1972 Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais, na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage jijini Nairobi, nyumba iliyouza kazi za mikono za Afrika kama sanaa na si kama ukumbusho wa mtalii. Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa 1952, kilikuwa kikiwasaidia wanachama kuuza kazi zao. Huko vijijini mwethya, utaratibu wa kale wa Wakamba wa kusaidiana kazi, uliokuwa umejenga matuta na mabwawa, uligeuka kwa urahisi kuwa kikundi cha kusuka. Kiondo chenye mishipi ya ngozi kikaonekana begani mwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya.

Sweta kuukuu zilifumuliwa ili nyuzi zake zichanganywe na mkonge, kwa sababu waridi na kijani zake zilikuwa kali kuliko zilizotoka sufuriani. Wanunuzi wakazipenda. Kamera hazikuzipenda.

Sababu inaeleweka ukijua kwamba filamu haioni kama jicho. Baadhi ya vitu hurudisha, pamoja na rangi tunayoiona, mwanga mwekundu wa mbali ambao jicho halina habari nao ila filamu inao. Wapiga picha wa maua waliligundua hilo zamani: maua fulani ya buluu yalitoka waridi kwenye filamu, na mafundi wa Kodak walikuwa na jina la kasoro hiyo, lililotokana na ua la ageratum. Rangi nyingi za viwandani zina tabia hiyohiyo. Uzi mweusi unaoonekana mweusi tii mkononi huweza kutoka kwenye picha ukiwa na kivuli cha kahawia au zambarau. Nyuzi za sweta zenye waridi wa kuwaka zina ujanja mwingine: hunyonya miale ya jua isiyoonekana na kuitoa upya kama mwanga wa rangi, hivyo huwaka kuliko mwanga uliozipiga. Juani zinapiga kelele. Ndani ya nyumba zinanyamaza. Kiondo kimoja, picha mbili, bidhaa mbili.

Katikati ya msisimko wa soko la nje, vikapu vya mashine kutoka Asia viliingia sokoni kwa bei ya chini, na soko la kiondo halisi likaanguka. Kenya imebaki na hadithi isiyokufa kwamba Wajapani walisajili kiondo kuwa mali yao. Husimuliwa kila mwaka, na msimuliaji hana namba ya cheti. Jambo la hakika na la kuuma ni dogo zaidi: kwenye katalogi, picha ya kiondo cha mashine na picha ya kiondo cha mkono zilifanana. Picha ndogo ya mbali haionyeshi kazi ya paja.

Hapa ndipo picha ya karibu inapopata maana yake ya kibiashara. Lenzi ya aina hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya wadudu na maua, ingawa huko ndiko ilikopata sifa. Ile ya Nikon ya mwaka 1956 ilitengenezwa ili hati za Kijapani, zenye herufi za mistari myembamba, zipigwe kwenye filamu ndogo bila mstari kupotea. Kifaa kilichobuniwa ili mstari mmoja usiungane na mwenzake ndicho kinachofaa kuonyesha kama uzi umesokotwa kwa kiganja au umetoka kiwandani. Uzi wa mkono una unene unaopanda na kushuka, na vinyweleo vinavyotoka pembeni. Wa mashine umenyooka kama waya.

Ila karibu ina gharama yake. Kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24 ikisogezwa mpaka uzi uonekane kwa ukubwa wake halisi, na tundu la lenzi likiwekwa f/8, sehemu inayotoka kali haizidi milimita moja au karibu na hapo: unene wa uzi mmoja wa mkonge. Kiondo ni duara. Uzi wa katikati ukiwa mkali, wa pembeni umeshayeyuka. Mpiga picha hupiga mara kumi au ishirini, kila mara akisogeza fokasi kidogo, kisha programu ya kompyuta huunganisha vipande vikali kuwa picha moja. Kamera isipotulia juu ya tripodi, au upepo wa saa nane ukitikisa kipande cha kazi, ni kuanza upya. Kwa picha ya kiondo kizima hesabu ni nyepesi: lenzi ileile kwa f/8 hutoa kina cha sentimita nane hivi, na kwa f/16 mara mbili yake, zinazotosha uso wa mbele na sehemu ya ubavu.

Rangi ndiyo kazi ngumu kuliko fokasi. Mwaka 1976 Marekani kilitolewa kibao kidogo chenye miraba 24 iliyopakwa rangi zilizopimwa, ambacho mpaka leo wapiga picha wa bidhaa hukiweka kwenye picha ya kwanza ya kila kikao ili kompyuta ijue kiasi ambacho kamera imekosea. Atakayekisoma kibao hicho kwa Kiswahili atatabasamu. Waliokibuni, pamoja na vipimo vyao vyote, waliita miraba ya kwanza ngozi nyeusi, ngozi nyeupe, anga, majani, ua la buluu. Wameazima kwa vitu, kama sisi.

Kibao hicho ni adimu katika miji ya Wote na Mwingi, na bei yake ni mzigo kwa kikundi. Kinachotumika mara nyingi ni karatasi nyeupe ya manila kama mandhari ya nyuma, dirisha au kivuli cha nyumba, simu, na kipande cha karatasi ya kung'aa ya jikoni, yaani foili, cha kurudishia mwanga upande wenye kivuli. Inatosha kuliko watu wanavyodhani, mradi mambo manne ya nchi hii yaangaliwe.

Kwanza ni jua lenyewe. Ukambani saa sita jua liko utosini, na mkonge una mng'ao. Nyuzi zake zikipigwa na jua kali hutoa vimulimuli vyeupe vinavyofunika rangi. Damu ya mzee inageuka waridi. Kivuli ni bora, lakini kivuli kina rangi yake. Mwanga wa jua la mchana hupimwa karibu 5,500 kwa kipimo cha Kelvin. Kivuli kinachoangaliwa na anga tupu hupita 7,000, yaani kimejaa buluu. Chini ya mwembe ni kijani. Kando ya ukuta wa mabati ni kijivu baridi.

Halafu kuna ardhi. Kiondo cheupe kikiwekwa kwenye ua wa udongo mwekundu hupata tumbo la waridi, kwa kuwa udongo unarudisha mwanga wake juu. Wapiga picha wa harusi wa Kitui wanaijua adha hiyo kwenye gauni la bibi harusi. Dawa ni shuka jeupe, na shuka, jambo la tatu, nalo lina hila. Sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha inayofanya kazi kama ule waridi wa sweta: hunyonya miale isiyoonekana na kutoa buluu, hivyo shuka huwa "jeupe kuliko jeupe". Kamera ikiambiwa kwamba shuka hilo ndilo jeupe halisi, itaondoa buluu ambayo haipo kwenye kiondo, na kiondo kitapata umanjano. Mkonge mbichi usiotiwa rangi, cha ajabu, humpa mpiga picha mwongozo wa kuaminika zaidi kuliko shuka lililofuliwa jana, maana kila msusi anajua kwa macho rangi yake ilivyo.

Taa ni jambo la nne, na ndiyo inayoihusu damu ya mzee moja kwa moja. Balbu za LED huuzwa na alama inayoonyesha uaminifu wake kwa rangi. Alama hiyo ni wastani wa rangi nane za majaribio, zote zilizopauka kiasi. Nyekundu iliyokolea haimo katika hizo nane. Inapimwa kando kama rangi ya tisa, na watengenezaji wengi wa balbu za bei nafuu hawaichapishi, kwani hapo ndipo wanapoanguka. Chini ya balbu kama hiyo nyuzi mbili, moja ya damu ya mzee na nyingine ya kahawia, zinaweza kufanana kabisa, halafu zikaachana mara tu zinapotolewa nje. Wasusi wanaochagua nyuzi jioni ndani ya nyumba na kushtuka asubuhi hawana macho mabaya.

Baada ya yote hayo picha bado itapita kwenye kioo cha simu. Mwaka 1996 kampuni za HP na Microsoft zilipatana juu ya kipimo kimoja cha rangi za skrini, kinachofuatwa na sehemu kubwa ya intaneti hadi leo, lakini simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa ziongeze utamu wa rangi, na simu hiyohiyo usiku hujipaka umanjano ili mwenyewe alale. Zipo pia buluu-kijani za unga wa dukani zilizo nje ya uwezo wa kipimo hicho. Skrini huonyesha ile iliyo jirani nazo.

Soko limerudi kwa njia nyingine. Kampuni ya Mifuko ilianzishwa Finland mwaka 2009, ikiuza vikapu vya wanawake wa vijiji vya Ukambani. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na kiondo kikarudi begani mwa watu wa Nairobi ambao mama zao walikuwa wamekitundika ukutani. Oda sasa huja kwa WhatsApp, malipo kwa M-Pesa, mzigo kwa basi la asubuhi.

Katika kikundi kinachojua kazi yake, oda ya rangi ngeni hujibiwa kwa swali moja: je, kuna uzi? Picha hupokewa kwa heshima, hutazamwa na wote, mmoja akasema hii ni waridi, mwingine akasema, "Aiee mwaitu, hiyo ni chungwa." Kisha hungojwa bahasha. Ndani yake huwa na kipande cha uzi, au cha kitambaa, kisichozidi urefu wa kidole. Mwenye sufuria hukitoa nje mwangani, akakishika dhidi ya uzi uliotoka kuchemshwa, akaugeuza huku na huku. Ukiwa bado maji huonekana mweusi kuliko utakavyokuwa, kwa hiyo anauanika kwanza kwenye waya wa nguo, anakalia kigoda, anaendelea kusokota nyeupe. Ukikauka anarudi kulinganisha. Mara nyingi unarudi sufuriani tena. Unapokubali, anakata inchi mbili za uzi wake mwenyewe, anazifunga fundo moja na kile kipande kilichotumwa, na kulitundika fundo hilo kwenye msumari ukutani, kando ya mafundo ya oda zilizopita, ili atakayekuja kuagiza tena asianze na picha.